Nusu Sekunde na Daftari la Muuza Viatu

Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti katika kikao cha wakazi na wafanyabiashara wa soko kuhusu kuripoti hitilafu za mifumo ya kompyuta. Tunayachapisha kwa ombi la waliohudhuria.

 

Najua mwaliko ulisema kwamba leo atazungumza mtu wa teknolojia. Yupo, ameketi pale mstari wa mbele na kipakatalishi chake, na maswali magumu ya mitambo ni yake. Mimi ni wa kitengo cha mawasiliano. Nilisomea uanahabari, kompyuta sikusomea. Lakini niliomba nitangulie, kwa sababu hitilafu ninayotaka kuizungumzia ilipita kwanza dirishani kwetu kabla ya kumfikia fundi yeyote, na aliyeifukuza pale dirishani ni mimi.

Mnajua jinsi ada ya kibanda inavyolipwa siku hizi. Unalipa kwa simu, kisha unapokea stakabadhi yenye jina lako, namba ya kibanda na kiasi ulicholipa. Karani akipita, unamwonyesha. Mama mmoja anayeuza viatu vya mitumba, ambaye ameniruhusu nisimulie kisa chake bila kumtaja jina, alilipa asubuhi moja ya siku ya soko akapata stakabadhi yenye jina la mwanamume asiyemjua na namba ya kibanda cha upande wa nafaka. Pesa zake zilikuwa zimeshakatwa. Karani alipofika, kifaa chake kilionyesha kwamba mama anadaiwa. Kinachofuata hapo mnakijua kuliko mimi: ama ulipe mara ya pili, ama kibanda kifungwe. Alilipa mara ya pili.

Akaja ofisini. Nilimsikiliza nikiwa nimesimama, funguo mkononi, na hilo peke yake lilitosha kumwambia kwamba sikuwa nasikiliza. Nikampa jibu ambalo sote tumewahi kupewa: "Mama, ni mtandao tu. Jaribu tena baadaye." Aliniangalia kidogo, akasema: "Mwanangu, mtandao ukisumbua hunyima watu wote. Haunipi mimi jina la mtu mwingine."

Lilikuwa jibu la kitaalamu kuliko langu. Siku hiyo sikulitambua. Nilimwandikia namba ya simu ya kupiga, akaenda zake.

Nitarudi kwake. Kabla ya hapo nataka niwapeleke mbali kidogo, kwa mtu mwingine aliyeona jambo dogo na asikubali kulipuuza. Kisa chake nilikisoma baadaye, na ndicho kilichonifanya nione aibu kwa lile jibu nililolitoa nikiwa nimeshika funguo.

Ili tuelewane, nieleze maneno mawili. La kwanza ni seva. Seva ni kompyuta ambayo kazi yake ni kuhudumia kompyuta na simu nyingine. Mfikirie mhudumu wa hoteli. Meza hii inaitisha chai na mandazi, ile inaitisha ugali na sukuma wiki, naye anakwenda jikoni na kurudi. Ukilipa ada kwa simu, ukiomba kibali cha biashara, ukitazama tangazo la zabuni, kuna mhudumu wa namna hiyo mahali fulani anayekimbia kati yako na jikoni.

Neno la pili ni programu huria. Seva nyingi duniani huendeshwa kwa programu za aina hii. Huria maana yake ni kwamba msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na binadamu kuielekeza kompyuta, uko wazi. Yeyote anaweza kuusoma, kuunakili na kuurekebisha. Linux ndiyo inayojulikana zaidi, na kama simu yako ni ya Android, basi kiini chake ni Linux. Unayo mfukoni hivi sasa. Serikali nyingi hutumia programu huria, benki hutumia, na kaunti yetu hutumia. Kwa sehemu kubwa hatulipii leseni, na hilo ni jambo jema kwa mlipa kodi. Lakini kitu kisicholipiwa leseni bado kinatunzwa na mtu. Wakati mwingine anayekitunza ni mmoja tu, usiku, baada ya kazi inayomlisha.

Programu moja ya namna hiyo inaitwa XZ. Kazi yake ni kubana faili ziwe ndogo ili zisafiri na kuhifadhiwa kwa urahisi. Mwananchi wa kawaida haioni. Imo ndani ya mifumo mingine kama nati ndani ya injini ya matatu. Abiria hajui iko wapi, lakini gari haliendi bila nati. Kwa miaka mingi iliangaliwa na Lasse Collin wa Finland, kwa kujitolea.

Machi 2024, mhandisi anayeitwa Andres Freund alikuwa katika shughuli zake. Anafanya kazi Microsoft na ni mmoja wa watunzi wa PostgreSQL, hifadhidata huria inayotumiwa kote duniani. Alikuwa anapima kasi ya programu yake, na anayepima kasi hutaka kompyuta iwe tulivu, kama mpima uzani anavyotaka mizani isitikiswe. Haikutulia. Akaona kwamba SSH, yaani mlango ambao wasimamizi huingilia kwenye seva wakiwa mbali, inatumia nguvu nyingi za kompyuta kuliko kawaida, hata pale ambapo aliyebisha alitaja jina lisilokuwepo na kukataliwa papo hapo. Akachukua saa ya kompyuta, akapima. Awali, kukataliwa kulichukua sekunde 0.299. Sasa kulichukua sekunde 0.807.

Nusu sekunde. Haitoshi kumaliza kusema hujambo.

Jiulizeni kama mngeripoti. Mimi nisingeripoti. Ningesema mashine imechoka, au toleo jipya bado lina uzito wa ugeni. Wahenga walisema mdharau mwiba guu huota tende, nasi tunarudia methali hiyo kila mtihani wa Kiswahili, kisha tunaendelea kuidharau miiba. Freund akakumbuka jambo jingine: wiki kadhaa nyuma, majaribio ya kiotomatiki ya PostgreSQL yalikuwa yametoa onyo la ajabu baada ya vifurushi kadhaa vya programu kusasishwa. Mambo mawili madogo, kila moja lina udhuru wake. Akayaweka pamoja, akafuata nyayo, nazo zikamfikisha kwenye XZ.

Hapa kuna kipengele ninachokipenda. Mwanzoni alishuku vibaya. Alidhani uchafu umetiwa na Debian, jumuiya inayokusanya programu huria na kuzifunga pamoja ili watu wazitumie, kwa kuwa yeye alikuwa anatumia toleo lake la majaribio. Alipochimba akaona kwamba Debian haikuwa na kosa. Uchafu ulitoka juu zaidi mtoni, kwenye chanzo chenyewe cha XZ. Mtu alikuwa ametia mlango wa siri katika matoleo mawili, 5.6.0 la Februari na 5.6.1 la Machi mwaka huo. Sehemu kubwa ilifichwa ndani ya faili zilizoonekana kama mifano ya faili mbovu, ambazo watengenezaji huziweka makusudi ili kujaribia programu. Nani husoma faili ambayo jina lake linasema imeharibika? Mwenye ufunguo wa mlango huo angeweza kuiamuru seva ya mwenziwe ifanye atakalo, bila neno la siri. Ukali wake ulipewa alama 10 kwa 10.

Wakati huo ulikuwa umefika katika matoleo ya majaribio ya Debian, ya Fedora na ya wengine kadhaa. Matoleo imara, yale ambayo seva nyingi za kazi huyatumia, haukuwa umeyafikia. Tarehe 29 Machi 2024, Ijumaa Kuu, wengi wetu tukiwa barabarani kwenda nyumbani kwa sikukuu, Freund aliitangaza taarifa yake hadharani, na watu wa Debian, Fedora na wengineo wakaacha Pasaka yao wakaanza kurudisha matoleo ya zamani.

Taarifa yenyewe, kama mnavyoweza kuhakikishiwa na mwenzangu wa mstari wa mbele, haina kelele hata kidogo. Inasema nini kilionekana, katika matoleo gani, na kwa namba zile mbili nilizowatajia. Inaeleza jinsi mtu mwingine anavyoweza kuliona jambo hilohilo kwenye mashine yake. Inatenganisha alichokithibitisha na anachokidhania. Na anasema waziwazi kwamba yeye si mtafiti wa usalama wa kompyuta. Nilipofika hapo nilisimama kusoma. Mtu anakaribia kuzuia balaa la dunia nzima, naye anatuambia mipaka ya ujuzi wake. Sisi wa mawasiliano tumezoea kuandika kinyume chake.

Angalieni pia ni nani aliyemwambia na ni nani ambaye hakumwambia. Kabla ya kutangaza aliandika kwa siri kwa watu wa usalama wa Debian, kisha kwa kundi la wale wanaosambaza mifumo ya namna hiyo, ili wapate nafasi ya kujiandaa. Kwa kawaida angewaandikia kwanza watunzaji wa XZ wenyewe. Hiyo ndiyo adabu ya programu huria. Hakufanya hivyo. Dalili zilionyesha kwamba mmoja wa watunzaji ndiye aliyeutia mlango ule, na humpelekei mwizi taarifa ya wizi.

Mtunzaji huyo alitumia jina la Jia Tan. Hadharani, jina hilo halijawahi kufungamanishwa na mtu halisi. Alianza kuchangia mwaka 2021, tena michango yenye manufaa. Mwaka 2022 wakajitokeza watu wengine wenye majina yasiyojulikana kokote, wakaanza kumlalamikia Lasse Collin: kazi inaenda polepole, mtunzaji hajali, programu inakufa, mpe mwingine usukani. Collin aliwajibu kwa upole kwamba uwezo wake ni mdogo na kwamba hii ni kazi ya kujitolea isiyo na malipo. Wakazidi kumsukuma. Hatimaye Jia Tan akapewa madaraka. Wengi waliochunguza kisa hiki wanaamini kwamba walalamikaji wale walikuwa sehemu ya njama moja, kwani baada ya hapo hawakuonekana tena.

Ndiyo maana nataka tutofautishe kati ya kuripoti na kulalamika. Someni barua za walalamikaji wale. Hakuna aliyesema: siku fulani nilifanya hivi, nikaona vile. Kuna shinikizo tu, na kumfanya mtu aliyechoka ajione mzembe. Halafu weka kando yake taarifa ya Freund. Zote mbili ni sauti za watu wasioridhika na programu ileile. Moja iliifungulia programu adui, nyingine ikamtoa.

Na kuna jambo la tatu, linalonigusa mimi zaidi ya ninyi. Yale maonyo ya ajabu yalipoanza kutokea kwenye majaribio, wengine waliyaona na kuuliza. Aliyejiita Jia Tan alikuwa na jibu tayari: kosa ni la programu nyingine, na toleo jipya litaondoa usumbufu. Toleo la 5.6.1 likaja, na maonyo yakanyamaza. Jibu la haraka, la adabu, la kumfanya muulizaji aende zake. Nilipolisoma nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema ni mtandao tu. Mimi sikuwa na nia mbaya, namshukuru Mungu, lakini kwa yule aliyesimama dirishani majibu hayo mawili hayatofautiani.

Sasa nirudi kwa mama wa viatu.

Baada ya wiki tatu hivi alirudi. Safari hii alikuja na daftari, lile la kuandikia wateja wa mkopo, na kurasa zake za mwisho alikuwa amezipiga mistari kwa rula. Alikuwa amepita kibanda hadi kibanda akiuliza nani mwingine amepata stakabadhi isiyo yake. Alipata visa tisa. Kwa kila kimoja alinakili kutoka kwenye ujumbe wa M-Pesa tarehe, saa na dakika, kisha namba ya kibanda cha aliyelipa, na kando yake namba ya kibanda kilichotokea kwenye stakabadhi. Majina ya watu na namba za simu hakuyaandika. Nilimuuliza kwa nini. Alisema: "Wamenionyesha simu zao kwa imani."

Nilikaa chini mara hii. Tukamwita mwenzangu wa teknolojia, naye akalisoma daftari kimya, akalisoma tena, kisha akauliza kama anaweza kulipiga picha. Visa vyote tisa vilikuwa vya siku za soko, asubuhi, kabla ya saa mbili, wakati kila mtu anaharakisha kulipa kabla ya karani kuanza mzunguko. Na katika kila kisa, kumbukumbu zetu zilionyesha kwamba mwenye jina lililotokea kimakosa alikuwa amelipa katika dakika ileile.

Vijana wa idara yetu waliposikia "seva" walishuku programu huria inayoendesha seva yetu. Siwalaumu, mfumo tulijengewa na mkandarasi juu ya programu hiyo, na ni rahisi kumshuku aliye mbali. Wakaanza kuandaa taarifa ya kuwapelekea watunzaji wake ng'ambo. Watunzaji wa programu huria wana desturi ya kumwuliza anayeripoti maswali yaleyale: unatumia toleo gani, ulifanya nini, ulitarajia nini, ukaona nini badala yake, na je, unaweza kulionyesha kosa hilo kwenye mashine safi isiyo na mambo yako mengine? Lile swali la mwisho ndilo lililotuokoa na aibu. Vijana waliweka programu ileile kwenye mashine tupu, wakailipisha ada za uongo mia kadhaa kwa mpigo. Kila stakabadhi ilikwenda kwa mwenyewe. Wakaongeza juu yake sehemu ya mkandarasi wetu. Majina yakachanganyika.

Kwa hiyo ile barua ya ng'ambo haikutumwa. Kosa lilikuwa letu. Mrudieni yule mhudumu wa hoteli: alikuwa na kikaratasi kimoja tu cha kuandikia. Meza moja ikitulia, hakuna shida. Lakini meza mbili zikiitisha kwa pamoja, anaandika agizo la kwanza, na kabla hajafika jikoni anafuta na kuandika la pili juu yake, na chai ya huyu inaishia kwa yule. Sasa kila agizo lina kikaratasi chake. Marekebisho yalichukua siku mbili, majaribio yakachukua wiki, na tangu yawekwe hatujapokea kisa kingine. Tukipokea, mtaambiwa kupitia jarida hili.

Kuhusu pesa, niseme ukweli. Kati ya watu tisa, saba wamekwisha kuhesabiwa malipo yao ya ziada katika ada ya miezi inayofuata. Wawili bado, kwa kuwa walilipa mara ya pili kwa fedha taslimu na kipande cha stakabadhi hakijapatikana upande wetu. Majalada yao yako wazi na nimeombwa niyafuatilie mimi binafsi, jambo ninaloona ni haki. Mwenye kibanda cha nafaka, yule ambaye mfumo ulionyesha amelipa kupita kiasi, alikuja mwenyewe kusema kwamba pesa ile si yake. Namwona pale, asante mzee.

Nimeulizwa na kijana mmoja kabla hatujaanza: ukigundua hitilafu, si uipeleke tu kwenye kundi la WhatsApp la soko ijulikane haraka? Nimjibu hivi. Picha ya stakabadhi yenye jina na namba ya mtu mwingine ni mali ya mtu huyo. Ukiisambaza umemwongezea madhara aliyeathirika, na umemwonyesha mwenye nia mbaya mahali ufa ulipo kabla haujazibwa. Mama hakufanya hivyo, na Freund alianza kwa siri kabla ya kutangaza. Lakini pia sitaki mtu yeyote atoke hapa akidhani kwamba tunamwomba anyamaze. Siri ya namna hii ni ya muda mfupi tu, ya kuwapa mafundi nafasi. Ikiwa taarifa za watu zimefikiwa na wasiohusika na kuna hatari ya kweli ya madhara, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitaka taasisi imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ifahamu. Saa hizo huanza kuhesabiwa kwetu sisi, na ndiyo maana jibu la dirishani lina uzito kuliko nilivyodhani.

Jambo jingine kwa vijana wenye ujuzi, na najua mko humu ndani. Ukiona mlango uko wazi, usiingie ili uthibitishe kwamba uko wazi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018 inaufanya kosa uingiaji usioruhusiwa, hata ukiwa na nia njema. Freund alichunguza mashine yake mwenyewe. Kwenye mfumo wa kaunti, ukifungua ukurasa wako ukakuta taarifa za jirani, simama hapohapo. Piga picha ya unachokiona, andika saa, funga, utuletee. Usijaribu namba nyingine kuona kama nazo zinafunguka.

Tunachohitaji kwako si maneno ya kitaalamu. Tuambie siku na saa, ulikuwa unafanya nini, ulitarajia kuona nini, uliona nini, na kama imetokea zaidi ya mara moja. Kama huna hakika, sema huna hakika; hutapunguziwa uzito kwa hilo. Mfumo mzima ukiwa hauingiliki kwa kila mtu, kama ilivyokuwa Julai 2023 huduma za eCitizen ziliposhambuliwa, hilo hujitangaza lenyewe na mafundi wataliona. Vile vidogo vinavyomkuta mmoja mmoja ndivyo hatuwezi kuviona bila ninyi.

Na ikiwa unayemshuku ni sisi wenyewe? Kama ni karani, usiipeleke taarifa kwa karani huyohuyo. Mpelekee msimamizi wa wadi, au ofisi ya katibu wa kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mkazi haki ya kuwasilisha ombi kuhusu jambo lolote lililo chini ya wajibu wa kaunti, na inatudai tujibu bila kuchelewa. Nje ya kaunti kuna ofisi ya Ombudsman, kuna Kamishna wa Data, na palipo na harufu ya rushwa kuna Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Nazitaja bila wasiwasi. Najua kuna wakubwa wangu ambao wangependa nisizitaje, na baadhi yao watasoma haya jaridani.

Kuanzia Jumatatu, kila taarifa ya hitilafu itakayofika dirishani itapewa namba, nawe utaondoka na namba hiyo. Afisa atakayekujibu kwamba ni mtandao tu atalazimika kuliandika jibu hilo, pamoja na jina lake, kando ya namba. Pendekezo hilo ni la mama wa viatu, na mimi ndiye niliyelipinga kwa siku mbili kabla ya kulikubali. Daftari lenyewe liko mezani pale mlangoni. Ukurasa wa kwanza una visa tisa vya kwanza, bila majina.

Sasa nipokee maswali. Kijana wa kofia nyekundu, nimeuona mkono wako tangu nilipotaja WhatsApp. Karibu.